Mashine ya Chai, Treni ya Mizigo: Nani Aliulizwa?

Majani ya chai yanayochumwa leo kwenye miteremko ya juu ya Kianyaga, Kaunti ya Kirinyaga, wiki chache zijazo yatakuwa Mombasa. Yatapitia kiwanda cha Kimunye au cha Thumaita, yatanyaushwa, yatasagwa na kukaushwa, kisha yatatiwa magunia na kupakiwa malori mpaka maghala ya Shimanzi na Changamwe. Waonjaji watayaonja kwa kijiko na kuyatema, madalali watayatia mnadani, na meli itayachukua kwenda Pakistani, Misri au Uingereza. Mnada huo uko Mombasa tangu 1969, na nyumba nyingi za hapa zimepata riziki kwa ajili yake: makuli, madereva, makarani, walinzi wa maghala na akina mama wanaowauzia chakula.

Kwa hivyo linalomsibu mchumaji wa Kianyaga si habari ya bara peke yake. Na hivi sasa swali kubwa linalozunguka mashamba ya chai ya Kenya ni hili: je, ataendelea kuwapo mchumaji, au kazi itachukuliwa na mashine? Nataka tulitazame swali hilo kutoka huku tuliko, kwa sababu sisi wa pwani tumeshapitia jambo linalofanana nalo sana, na tusipojifunza tutalipitia tena.

Kwa asiyepafahamu, Kianyaga ni mji mdogo wa eneo bunge la Gichugu, chini ya Mlima Kenya. Ukiuacha mpunga wa Mwea nyuma yako, ukapita Kutus na kuanza kupanda, unakutana na kahawa. Ukizidi kupanda kuelekea msituni, baridi inaongezeka na chai inaanza. Mashamba ni madogo. Mwenye ekari mbili ana kitu. Serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kulima chai kwa miaka mingi. Mlango ulifunguliwa miaka ya 1950, na kiwanda cha kwanza cha wakulima wadogo kikajengwa Ragati, Nyeri, mwaka 1957. Leo shirika la KTDA linahudumia wakulima zaidi ya 600,000, na viwanda vyake ni mali ya wakulima kwa hisa. Kirinyaga peke yake ina vitano: Kangaita, Kimunye, Mununga, Ndima na Thumaita.

Huko majani yanachumwa kwa mkono, majani mawili na chipukizi. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Wengi ni wanawake, na wengi hawana shamba lao, au wana kipande kisichotosha kulisha watoto. Shilingi zile za kilo ndizo za unga, za sabuni na za karo.

Sasa tuvuke Bonde la Ufa twende Kericho na Bomet, kwenye mashamba makubwa ya makampuni. Huko mashine za kuchuma chai zimekuwa zikiongezeka kwa miaka mingi sasa. Mashine moja, ikiendeshwa na watu wachache, hufanya kazi ya makumi ya wachumaji kwa siku. Makampuni yanasema mishahara imepanda na bei ya chai haipandi kwa kiasi hicho. Wafanyakazi wanasema wameachwa bila kazi katika ardhi ambayo babu zao walinyang'anywa ili chai hiyo hiyo ipandwe. Mwaka 2023 hasira ilifurika. Mashine kadhaa zilichomwa moto, polisi wakapambana na waandamanaji, na kwa siku chache nchi nzima ikazungumza habari ya Kericho. Kisha tukasahau.

Wakati ule kauli iliyosikika zaidi redioni na mitandaoni ilikuwa hii: mashine haina kosa, kosa ni la anayeitumia. Wengine wakaongeza kwamba wachomaji ni watu wasiotaka maendeleo. Kauli ya kwanza inaonekana ya hekima. Ni kama kusema kisu hakina kosa, maana kinakata mkate na kinaweza kukata mtu. Lakini kuna wanafalsafa wa siasa ambao kwa zaidi ya nusu karne wamekuwa wakituonya kwamba kauli hiyo inaficha nusu ya ukweli. Si lazima tukubaliane nao katika kila jambo. Ila maswali yao yanafaa sana kwa mtu wa Kianyaga na kwa mtu wa Changamwe.

Nianze na Mmarekani Langdon Winner. Mwaka 1980 aliandika makala mashuhuri akiuliza kama vitu vilivyoundwa na binadamu vina siasa ndani yake. Mfano wake mmoja ulikuwa mashine ya kuvuna nyanya California, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha California kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Mashine ile ilikuwa ghali, ikamfaa mwenye shamba kubwa tu. Winner anaeleza kwamba wakulima wa nyanya walikuwa kiasi cha 4,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia 1973 walibaki kama 600. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ajira zilizokadiriwa kupotea katika zao hilo zilikuwa 32,000. Hata nyanya yenyewe ilibadilishwa. Ilibidi ipatikane mbegu ya nyanya ngumu, isiyo na ladha sana, ili istahimili vishindo vya mashine.

Tazama hapo. Hakuna mtu aliyekaa chini akapanga njama ya kuwafukuza wakulima wadogo. Watafiti walitaka kurahisisha kazi. Lakini mashine kwa umbo lake na bei yake ilikuwa imeshachagua nani atabaki na nani ataondoka. Kisu kinakata mkate wa tajiri na wa maskini sawasawa. Mashine ya nyanya haikuwa hivyo.

Chai nayo ina tabia yake. Mkono wa mchumaji unachagua: unaliacha jani lililokomaa, unalichukua changa. Mashine hukata yote yaliyo usawa wake, majani makuukuu na vijiti vikiwemo. Chai ya upande wa mashariki wa Bonde la Ufa, Kirinyaga ikiwemo, kwa kawaida hupata bei nzuri zaidi mnadani Mombasa kuliko ya upande wa magharibi, na ubora wa majani ni sehemu ya sababu. Mkulima wa Kianyaga akianza kuchuma kwa mashine ya kelele, atakayemhukumu ni mwonjaji wa Mombasa. Faida aliyoipata kwa kutomlipa mchumaji anaweza kuirudisha mnadani.

Mwingine ni Jacques Ellul, Mfaransa aliyefundisha Bordeaux. Katika kitabu chake cha mwaka 1954 alisema hatari ya zama zetu si mashine moja moja. Hatari ni ile fikra ya kwamba njia yenye ufanisi zaidi ndiyo njia ya haki, na kwamba hakuna haja ya kuuliza kitu kingine. Fikra hiyo ikishaingia ofisini, alisema, siasa inakufa polepole. Hakuna la kujadili tena. Mtaalamu ameshapiga hesabu. Ukiuliza habari ya watu unaambiwa huelewi mambo.

Kisha yuko Hannah Arendt, Myahudi wa Ujerumani aliyekimbia utawala wa Hitler akaishia Marekani. Mwaka 1958 aliandika jambo ambalo mpaka leo halijajibiwa vizuri. Alisema binadamu wa leo tumejengwa tujione kuwa ni wafanyakazi: thamani ya mtu inapimwa kwa kazi yake na heshima yake iko kwenye mshahara. Sasa mashine zinakuja kutuondolea kazi. Je, jamii ya wafanyakazi ambao hawana kazi itabaki na nini? Hakukuwa na jibu rahisi kwake, na hakulitoa. Lakini mtu yeyote aliyeona kijana wa Likoni mwenye cheti akishinda barazani, au kijana wa Gichugu akishinda kwenye kilevi cha sumu, anajua Arendt alikuwa akizungumzia nini. Riziki ikipotea, hupotea pamoja na nafasi ya mtu mbele ya watu.

Ivan Illich alizaliwa Vienna akawa padri na kuishi miaka mingi Mexico. Yeye alipima vyombo kwa kipimo kingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1973 alieleza kwamba chombo kina mpaka: kabla ya mpaka huo kinamwongezea mtu uwezo, na baada yake mtu anakuwa mtumishi wa chombo. Baiskeli inampeleka mtu atakapo kwa nguvu zake. Mji uliojengwa kwa ajili ya magari unamlazimisha hata asiye na gari aishi kwa masharti ya gari. Kwa kipimo hicho mkasi mzuri wa kupogolea au mizani ya kuaminika kwenye kituo cha kununulia majani ni chombo kinachomfuata mkulima. Mashine ya mkopo, inayohitaji mafuta, vipuri na fundi kutoka mbali, inaweza kumgeuza mkulima akaifuata yeye.

Tusidhani hawa ni wazungu wenye muda wa kufikiri na sisi tuna njaa ya kushughulikia. Mwalimu Nyerere aliwasisitizia wakulima wa Tanzania plau la ng'ombe badala ya kukimbilia trekta. Hoja yake ilikuwa kwamba plau mwanakijiji anaweza kulinunua, kulitengeneza na kulimiliki, na trekta la serikali likiharibika linabaki kuota kutu. Na sisi wenyewe tunaye wetu. Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933 na kuzikwa kwenye makaburi ya ukoo wake karibu na Ngome ya Yesu mwaka 2014, alilirudia jambo hili maisha yake yote. Alilalamika kwamba Afrika imekopa ladha za Magharibi na kuacha ustadi wao, imechukua namna yao ya kutumia na kuacha namna yao ya kuzalisha. Katika mihadhara yake ya BBC ya mwaka 1979 alifika mbali zaidi, akasema wakubwa wa dunia hawataacha silaha za nyuklia mpaka waone na wanyonge wanazo. Wengi walishtuka, na mimi pia sikubaliani na dawa yake. Lakini alichokuwa akikisema chini ya yote ni hiki: katika kila chombo kikubwa, uliza funguo ziko kwa nani.

Tuje sasa nyumbani, kwenye mashine yetu sisi.

Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria Mombasa hadi Nairobi mwishoni mwa Mei 2017, na mizigo ikafuata mwanzoni mwa 2018. Ni kitu kizuri ukikipanda. Mgonjwa anafika Nairobi kwa saa chache, mwanafunzi anarudi nyumbani salama. Hakuna mwenye akili timamu anayetaka ing'olewe. Lakini reli ile ilijengwa kwa mkopo mkubwa wa China, na mkopo unataka mizigo ili ulipike. Mwaka 2019 ikatolewa amri kwamba kontena za kwenda bara zipakiwe kwenye treni na zikafanyiwe forodha Nairobi. Kwa neno moja kazi ya mji ikahamishwa. Matrela yakasimama. Makarani wa forodha na watu wa mabohari ya kontena wakapoteza kazi. Mahoteli ya barabarani Mariakani, Voi na Mtito Andei yakakosa wateja. Watu wakaingia barabarani Mombasa wiki baada ya wiki, wakiitwa majina kama yale waliyoitwa watu wa Kericho: wapinga maendeleo.

Hapo utaona kwa nini ile kauli ya mashine haina kosa haitoshi. Treni haikumchukia mtu wa Mombasa. Lakini mahali reli ilipoelekezwa, mahali bohari la forodha lilipowekwa na masharti ya mkopo vilikuwa vimeshaamua nani atakula na nani atakaa njaa. Siasa ilikuwa imelazwa pamoja na mataruma. Mahakama Kuu ya Mombasa mnamo Novemba 2020 iliikuta amri ile ikiwa kinyume cha katiba. Na Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais Ruto akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudi bandarini. Reli ikabaki pale pale na treni zile zile. Kilichobadilika ni masharti. Kumbe ilikuwa inawezekana tangu mwanzo kuwa na reli bila kuuvunja mji. Ni kwamba hakuna aliyewauliza wenyeji.

Lamu waliuliza. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa kaunti ile, wa megawati 1,050, ulikuja na sifa zote: utaalamu wa kisasa, umeme mwingi, ajira. Wavuvi, wazee na vijana wa Lamu wakauliza kuhusu moshi, kuhusu maji ya moto yatakayomwagwa baharini, kuhusu samaki na kuhusu mji wa kale. Mnamo Juni 26, 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikaifuta leseni ya mradi ule, na sababu kubwa ikawa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hawakuchoma kitu. Walisoma makaratasi, wakaenda kortini, wakangoja miaka.

Weka mambo haya matatu pamoja. Kericho watu hawakuulizwa, hawakupata mlango wa kusemea, wakaishia kwenye moto na wakapata majeruhi na kesi. Mombasa hatukuulizwa, tukaandamana, na haki ikaja baada ya biashara nyingi kufungwa. Lamu waliwahi kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Tofauti kubwa ilikuwa wakati: ni lini wenyeji walipata nafasi ya kusema hapana, au ya kusema ndiyo kwa masharti.

Hili si jipya duniani. Uingereza mwaka 1811 mafundi wa nguo walianza kuvunja mashine za kufuma, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kuwanyonga wavunjaji. Mpaka leo jina lao hutumiwa kumdhihaki mtu anayeogopa vyombo vipya. Lakini wengi wao walikuwa mafundi waliotumia mashine kila siku ya maisha yao. Walichokipinga ni mashine kutumiwa kushusha ujira na kuwaondoa wenye ujuzi bila mazungumzo yoyote. Mlango wa mazungumzo ulifungwa kwanza, nyundo zikaja baadaye.

Na kuna waliofunguliwa mlango. Bandari ya Rotterdam ina magari ya kubeba kontena yasiyo na dereva tangu 1993. Makuli wa Marekani waliyaona hayo, na Oktoba 2024 wa pwani ya mashariki wakagoma siku tatu, mashine zisizo na watu zikiwa moja ya hoja zao kuu. Mkataba walioupata mwaka 2025 unaweka masharti juu ya namna mashine zitakavyoingizwa. Wao hawakuzuia kreni. Walihakikisha kreni ikija, inakuta meza imewekwa na watu wameketi.

Nataka niwe mwadilifu kwa upande wa pili, maana makala yanayolia tu hayamsaidii mtu. Kuchuma chai ni kazi ngumu. Mgongo unauma, mvua inakunyeshea, vidole vinapasuka kwa baridi. Mjane mwenye ekari moja Kianyaga ambaye watoto wake wamehamia Nairobi, na wachumaji hawapatikani msimu wa majani mengi, anayaona majani yake yakikomaa na kupotea. Mwambie habari ya Ellul atakucheka. Yeye anataka chombo, na ana haki ya kukitaka. Jirani yake asiye na shamba, anayeishi kwa kumchumia, ana haki pia. Wote wawili ni maskini, na mashine inawagombanisha. Mtu anayesema mashine ni baraka tupu hajamwona jirani, na anayesema ni laana tupu hajamwona mjane.

Tena tumeona vyombo vilivyotufaa. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 iliwaondolea watu woga wa kubeba pesa safarini, na mama wa Kisauni akaanza kupokea pesa za mwanawe kwa dakika. Mnada wa chai wenyewe ulihamia kwenye kompyuta mwaka 2020 wakati wa korona, na biashara ikaendelea wakati ambapo ingesimama. Hakuna anayetaka kurudi nyuma.

Lakini wazee wetu walituachia methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni afukuzwe. Walisema kuja kwake kuwe ni uzima kwa aliyemkuta. Na katika dini yetu wanazuoni wa fiqhi waliweka kanuni kwamba kuzuia madhara hutangulia kuleta manufaa, na wakaipa shura, yaani mashauriano, uzito mkubwa katika mambo ya umma. Kwa hiyo tukisema watu waulizwe kabla mashine haijaingia, hatuigi fikra za Ulaya. Tunarudi kwenye mizani tuliyonayo kabatini. Katiba ya 2010 nayo inataja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa katika kifungu cha 10. Dini, mila na sheria zote ziko upande mmoja. Kinachokosekana ni mazoea.

Kianyaga wana bahati ambayo Kericho hawakuwa nayo. Kwenye mashamba ya makampuni uamuzi ulifanywa na wakurugenzi ambao hawakumjua mchumaji hata kwa jina. Kiwanda cha Kimunye au Thumaita kina wenyewe, na wenyewe ni wakulima wenye hisa na mikutano ya mwaka. Wanaweza kukubaliana kabla. Wanaweza kusema mashine ndogo ziruhusiwe msimu wa majani mengi tu. Wanaweza kusema chombo kiwe cha kikundi cha wachumaji wenyewe, wakikodishe kwa wenye mashamba, ili faida ya mashine iingie kwenye mkono ule ule unaoachwa wazi na mashine. Wanaweza kuamua kwamba sifa ya chai yao mnadani ina thamani kuliko haraka. Uamuzi wowote, ukiwa wao, wataubeba. Na wachumaji wasio na hisa waitwe wakae kikaoni, kwa sababu wasio na kiti ndio hupata habari ya kikao kutoka kwa moshi.

Na sisi huku? Mjadala wa kukodisha gati kwa kampuni binafsi umekuja mara kadhaa na utarudi, na kila mwekezaji anakuja na vyombo vyake. Kreni zisizo na mtu ndani si ndoto, ziko bandari za wenzetu. Siku tangazo la ushirikishwaji wa wananchi litakapobandikwa, mara nyingi kwa herufi ndogo gazetini, tusiliache kwa wanasiasa na mashirika peke yao. Twende, na tuwe na maswali manne mkononi. Nani ameomba chombo hiki? Nani atapoteza riziki, na amepangiwa nini kabla hajaipoteza? Funguo, deni na vipuri vitakuwa kwa nani? Na kikitudhuru, tunaweza kukirudisha au kubadilisha masharti yake?

Mradi unaoyajibu maswali hayo vizuri tuukaribishe kwa mikono miwili. Usioweza kuyajibu ungoje. Mtaalamu anaweza kutuambia kontena ngapi zitashuka kwa saa, na hiyo ni elimu yenye faida. Lakini ni mji gani tutaishi baada ya hizo saa, hilo si la mtaalamu. Ni la makuli wa Shimanzi, karani wa Changamwe, mvuvi wa Lamu na mchumaji wa Kianyaga ambaye chai yake tunainywa kila asubuhi. Huyo wa mwisho sisi hatumjui, naye hatujui. Lakini bei ya kilo yake na mzigo wa lori letu viko kwenye mnyororo mmoja, na mashine ikikata upande mmoja, upande wa pili utaanguka nao.